Mboga za Masika, Kitoweo cha Kiangazi

Yako mambo ambayo mtu huona haya kuyaandika kwa kuwa ni madogo, tena ni ya jikoni. Watu hudhani ya kuwa mwalimu akishika kalamu imempasa kuandika habari za vitabu na malezi, wala si habari za majani ya maboga. Lakini sisi tumeonyeshwa katika nyumba yetu wenyewe ya kuwa jambo la jikoni laweza kumvunja moyo mtu atupendaye, na kuwalaza watoto bila kitoweo. Kwa hiyo twawaandikia leo habari ya kapu moja la mboga: jinsi tulivyolipokea, jinsi lilivyooza mbele ya macho yetu, na mambo tuliyojifunza baadaye kwa aibu na kwa taabu.

Kwetu ni Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, penye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Ukivuka mpaka kwa miguu waingia Nakonde, na malori ya mizigo husimama mstari mrefu yakingoja zamu ya kupita. Sisi ni mume na mke, walimu wote wawili, na watoto wetu ni wanne. Nyumba yetu ina kiwanja kidogo tu, chatosha kuku watano na mparachichi mmoja, shamba hatuna. Jokofu pia hatuna. Mboga zetu twanunua sokoni, au twaletewa na ndugu.

Ndugu atuleteaye kuliko wote ni Shangazi. Yeye akaa kijijini upande wa Mbozi, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka barabara ya magari. Ni mjane, na umri wake umepita miaka 70. Hulima mahindi, maharage na kahawa kidogo, na bondeni ana bustani yake ya mboga. Katika miezi ya mvua huamka kabla ya mapambazuko, huchuma, hujaza kapu, hulitwika kichwani mpaka barabarani, hungoja gari la abiria, hulipa nauli ya nafsi yake na ya mzigo wake, na kufika kwetu kabla ya adhuhuri. Hayo yote ameyafanya miaka mingi, wala hatukumsikia akitaja uchovu.

Basi mwezi wa Machi 2022 alikuja na kapu kubwa kuliko yote. Mlikuwamo majani ya maboga, majani ya kunde, mnavu, nyanya chungu, bamia, karoti zenye majani yake, nyanya mbivu juu kabisa, na maboga mawili chini. Tulimpokea kwa furaha, tukamwandalia chai, tukampa sukari na sabuni za kurudi nazo, kwa kuwa si desturi yetu kumrudisha mtu mikono mitupu. Alasiri akaondoka.

Na sisi tulifanya nini? Tuliliacha kapu pale pale pembeni mwa jiko, limefungwa kama lilivyokuja. Siku ile tulipika fungu moja la majani ya maboga. Siku ya pili tulikuwa na karatasi nyingi za kusahihisha, basi mtoto mmoja akatumwa dukani kununua dagaa. Siku ya tatu tulipata wageni, tukaona ya kuwa si heshima kuwapa majani, tukanunua nyama. Siku ya nne harufu ilituita. Tulipofungua tuliona nyanya zimepasuka na maji yake yamelowesha kila kitu. Majani ya juu yamekuwa ya manjano, na ya katikati yamekuwa meusi yenye utelezi. Ukitia mkono ndani ulisikia joto, kama vile mtu atiaye mkono katika lundo la samadi. Tuliokoa maboga mawili na karoti chache. Zilizobaki tulizitupa katika shimo la taka nyuma ya nyumba, kisha tukanawa mikono, na habari ikaisha. Ndivyo tulivyodhani.

Siku mbili baadaye Shangazi alirudi mjini kwa sababu ya msiba wa jirani yake, akalala kwetu. Asubuhi akatoka kumwaga maji machafu, akaziona mboga zake shimoni. Aliingia ndani, akaketi, akanyamaza muda. Kisha akasema kwa upole, "Wanangu, kama hamkuzihitaji mngaliniambia. Wako majirani zangu walioniomba majani ya kunde siku ile, nikawaambia, la, haya ni ya watoto wangu wa Tunduma."

Mume alianza kutaja karatasi za shule, na mke alianza kutaja wageni, kisha sote wawili tukanyamaza, kwani tulisikia wenyewe jinsi maneno yetu yalivyokuwa mepesi. Shangazi hakutukemea. Alikunywa chai yake, akaenda msibani, akarudi kwake. Mwezi wa Aprili hakuleta kapu, wala mwezi wa Mei.

Wasomaji wa nchi hii mwajua jinsi mwaka wetu unavyokwenda. Mvua zetu ni za msimu mmoja: zaanza Novemba, zaendelea mpaka Aprili au zaidi kidogo. Katika miezi ile mboga ni nyingi kila mahali. Mtu apitaye sokoni jioni huona nyanya zilizopondeka katika matenga na majani ya kabichi yakikanyagwa, na wauzaji huzidisha fungu ili wasirudi na mzigo nyumbani. Kisha huja miezi ya baridi na upepo mkavu, Juni na Julai. Na baada yake joto la Septemba na Oktoba. Wakati huo mashamba ya mlimani yamekauka, na mboga mbichi hutoka tu katika bustani za mabondeni zenye maji ya kumwagilia. Ndipo fungu la mchicha hupungua nusu, na bei yake hupanda.

Oktoba ya mwaka ule ule ilitukuta vibaya. Mtoto wetu wa tatu aliugua, na fedha zote za mwezi zikaenda katika dawa na nauli. Unga ulikuwapo, kwa kuwa mahindi tulikuwa tumenunua mapema na kuyaweka ghalani; lakini cha kulia ugali hakikuwapo. Jioni tatu mfululizo tulikula ugali kwa chumvi na pilipili. Jioni ya tatu binti yetu mdogo aliuliza, "Mbona Bibi hatuletei tena majani?" Hatukumjibu, lakini usiku ule hatukulala vizuri. Tuliazimu kwenda kumwona Shangazi na kumwomba radhi, jambo ambalo imetupasa kulifanya tangu Machi.

Tulifika kwake siku ya Jumamosi. Tulimwamkia, "Shikamoo Shangazi," naye akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni." Tulisema yaliyotuleta. Akasikiliza, akasema yamekwisha, akaingia jikoni. Alipotoka alileta ugali, na bakuli la mboga nyeusi iliyoungwa kwa karanga. Tulikula mpaka bakuli likaisha. Mmoja wetu akamwuliza amepata wapi mboga wakati kama ule, maana bondeni kwake tulikuwa tumeona udongo umepasuka. Akasema, "Hayo ni majani ya kunde ya Machi. Ni ya tuta lile lile nililowachumia ninyi."

Ndugu wasomaji, neno lile lilituingia kuliko karipio. Tuta lilikuwa moja, mwezi mmoja, na mkono uliochuma ulikuwa mmoja. Majani yaliyobaki kwake yalikuwa yamelisha wageni miezi saba baadaye. Na majani yaliyokuja kwetu hayakumaliza siku nne.

Wazee husema, Akiba haiozi. Methali hiyo tumeifundisha darasani miaka mingi, na watoto huiandika kwa mwandiko mzuri. Lakini sisi tulikuwa tukidhani ya kuwa akiba ni mahindi ghalani na fedha mfukoni. Jani tulilihesabu kuwa kitu cha leo, kikiharibika kesho si hasara. Tena, tukiri kweli yote, mboga kavu tulizidharau. Tulipokuwa wadogo tulizila kwa bibi zetu, na tulipopata kazi tukaziona kuwa chakula cha maskini. Kumbe maskini ni yule atupaye Machi na kulia Oktoba.

Siku ile Shangazi alituonyesha chungu chake, akatufundisha. Na baadaye tumesoma na kuuliza, ili tujue sababu za yale aliyokuwa akiyafanya kwa mazoea. Tutawaeleza kwa utaratibu.

Kwanza, yawapasa kujua ya kuwa jani lililochumwa halifi papo hapo. Laendelea kuvuta hewa kama lilivyofanya shinani, na katika kazi hiyo latumia chakula chake lenyewe na kutoa joto. Majani yakirundikwa na kufungwa, joto halina njia ya kutoka, ndipo huoza upesi. Na hilo ndilo joto tulilolisikia kapuni mwetu. Tena nyanya mbivu, ndizi mbivu na maparachichi mabivu hutoa hewa isiyoonekana, iitwayo ethilini, ambayo huyafanya majani mabichi yaliyo karibu kugeuka manjano kabla ya wakati wake. Basi kapu likifika lifunguliwe saa ile ile, na vitu vitengwe: nyanya mahali pake, majani mahali pake. Karoti zikatwe majani yake, kwa sababu majani huendelea kunyonya maji ya karoti yenyewe. Kilichopondeka kiondolewe, kwa kuwa kimoja kibovu huambukiza vingine.

Pili, mboga zisioshwe kabla ya kuwekwa, ila zioshwe wakati wa kupika, kwa sababu jani lililolowa na kurundikwa hushikwa na ukungu. Mafungu yenye mashina marefu yasimamishwe katika bakuli lenye maji kidogo, kama watu wawekavyo maua mezani. Majani mengine yalazwe mahali pa baridi na giza, yamefunikwa kitambaa chenye unyevu kidogo, wala yasibanwe.

Tatu, kuna zamu ya kula. Kilicho laini hutangulia: mchicha, mnavu na majani ya maboga siku ya kwanza na ya pili, kisha majani ya kunde, na bamia na nyanya chungu, kisha karoti na kabichi, na mwisho maboga na vitunguu, ambavyo vyaweza kungoja muda mrefu vikiwekwa mahali pakavu penye hewa. Sisi tulifanya kinyume. Tulikwenda dukani kununua dagaa wakavu, ambao wangaliweza kungoja mwezi mzima, hali majani yasiyoweza kungoja yalikuwa chini ya miguu yetu.

Nne, nyanya zianzazo kulegea zisingojwe. Zioshwe, zikatwe, zipikwe kwa chumvi mpaka ziwe rojo zito. Rojo hilo lafaa kuunga maharage siku ya pili na ya tatu, maadamu lachemshwa vema kila siku na kufunikwa. Na mabaki ya karoti, kabichi na nyanya chungu yapikwe pamoja katika sufuria moja. Hakuna sheria isemayo ya kuwa kila mboga lazima iwe na chungu chake.

Tano, kitakachozidi kikaushwe siku ile ile ya kwanza, kingali kizima. Hili ndilo kosa la wengi: hungoja mpaka majani yamenyauka nusu, ndipo hukumbuka kuyaanika. Jani bovu likikaushwa ni jani bovu kavu. Shangazi huosha majani mara tatu ili kutoa mchanga, huyakatakata, huyatia katika maji yanayochemka yenye chumvi kidogo kwa muda wa dakika mbili au tatu, kisha huyachuja na kuyatandaza juu ya ungo, yasikaribiane mno. Maji ya moto hukomesha ile kazi ya ndani ya jani, hivyo rangi na ladha hukaa zaidi. Ungo huwekwa mahali penye upepo na kivuli, umefunikwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Sisi tungaliuweka juani ili yakauke upesi. Lakini jua kali huharibu sehemu kubwa ya kile kitu kilichomo katika majani ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, ilindayo macho ya watoto. Kivuli chachelewesha kazi, lakini chalinda chakula.

Majani huwa tayari yakivunjika mkononi kwa mlio, wala hayapindi. Kwa kuwa karibu sehemu tisa katika kumi za jani bichi ni maji, kilo 10 za majani hubaki kama kilo 1 tu. Ndiyo sababu bustani nzima yaweza kuingia katika chungu kimoja. Wakati wa kupika hulowekwa, huchemshwa mpaka yalainike, na kuungwa kwa karanga zilizotwangwa. Karanga si za ladha tu: mafuta yake husaidia mwili kuipokea ile vitamini A. Ila karanga zenye ukungu zisitumike kabisa, kwa sababu ya sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupikwa. Na wengine hutia magadi mengi ili mboga ilainike upesi. Ni afadhali kuongeza muda na kuni kidogo, maana magadi huharibu vitamini. Tena twawaambia kwa haki ya kuwa mboga kavu haina kila kitu kilichomo katika mbichi. Vitamini C nyingi hupotea katika kuchemsha na kukausha. Basi alaye mboga kavu na ale pia tunda, na katika nchi yetu ya maparachichi na machungwa hilo si jambo gumu.

Msidhani ya kuwa sisi tulifaulu mara moja. Machi 2023 tulinunua sokoni majani ya kunde, sado tano, jioni wakati bei imeshuka, tukafanya kama tulivyofundishwa. Lakini ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito, na mvua ilinyesha kila alasiri. Majani yalikaa siku tatu bila kukauka barabara. Kwa haraka zetu tuliyatia katika ndoo ya plastiki, tukaifunika sana, tukajisifu. Baada ya majuma mawili tulifungua tukakuta manyoya meupe ya ukungu. Tuliyatupa yote, kwani chakula chenye ukungu hakikwanguliwi na kuliwa. Jambo hili liliuma kwa sababu lilikuwa la pili. Safari ya tatu tuliwasha moto mdogo jikoni, tukatundika ungo mbali na mwali, juu ya dari ambapo hewa ni kavu, tukangoja mpaka majani yalie mkononi. Tena tuliyaacha yapoe kabisa kabla ya kufunika, tukayatia katika chungu kikavu, na kila juma la kwanza la mwezi tukafungua kutazama. Hayo yalikaa mpaka Novemba.

Tulipokuwa tukijifunza kazi hii tulitambua ya kuwa majirani wote wa pande zote wameijua tangu zamani. Wasukuma wana majani makavu ya kunde waitayo nsansa, na viazi vikavu waviitavyo michembe na matobolwa. Wagogo hukausha mlenda kwa ajili ya kiangazi chao kirefu. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, mboga za majani zilizokaushwa huitwa mfutso; na huko Zambia Wabemba hupika majani kwa karanga, chakula kiitwacho ifisashi. Hao wote hawakungoja jokofu. Walitazama mvua na kiangazi, wakajua ya kuwa mwaka mmoja una miezi ya kushiba na miezi ya kupungukiwa, wakajenga daraja kati yake.

Wala si wa zamani tu. Katika nchi ya Nigeria ya kaskazini alikuwako mwalimu, jina lake Mohammed Bah Abba, aliyezaliwa katika jamaa ya wafinyanzi. Aliona wakulima wakipoteza mboga zao kwa joto, wala umeme haupo. Akachukua chungu kikubwa, akatia ndani yake chungu kidogo, akajaza mchanga kati ya viwili hivyo, akaulowesha mchanga kwa maji, akafunika juu kwa kitambaa chenye maji. Maji yapoteapo hewani kupitia udongo wa chungu cha nje huchukua joto pamoja nayo, na mboga zilizo katika chungu cha ndani hupoa. Biringanya zilizokuwa zikiharibika kwa siku 3 zilikaa siku 27. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo. Alifariki mwaka 2010, lakini vyungu vyake vimefuatwa katika nchi nyingi. Sisi tulipendezwa sana kusikia ya kuwa alikuwa mwalimu kama sisi, aliyeona jambo la jikoni kuwa lastahili akili yake.

Tumejaribu nasi. Vyungu twavipata bila shida, kwa kuwa Wakisi wa mwambao wa Ziwa Nyasa ni mafundi wa ufinyanzi wajulikanao katika nchi hizi za kusini. Imepasa kiwe chungu cha udongo kisichopakwa rangi, maana rangi huziba njia ya maji. Katika Septemba, hewa ikiwa kavu, nyanya zetu zilikaa majuma mawili bila kulegea, tukilowesha mchanga asubuhi na jioni. Lakini Machi chungu hicho hakitusaidii sana, kwa kuwa hewa yenyewe imejaa maji, na maji ya mchangani hayana pa kwenda. Basi kila chombo na majira yake: kiangazi chungu cha mchanga, masika ungo na moto mdogo.

Mtu aweza kusema, "Haya ni makubwa kwa ajili ya majani tu." Twamjibu hivi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza ya kuwa karibu theluthi moja ya chakula kinachopatikana duniani kwa ajili ya watu hupotea au hutupwa, yapata tani bilioni 1.3 kila mwaka. Hesabu hiyo ni kubwa, hata akili haiwezi kuishika. Lakini sisi twaweza kuishika kwa namna nyingine, kwa sababu twamjua mtu aliyelichuma kapu letu. Twaijua saa aliyoamka, na njia aliyoipita, na majirani aliowanyima kwa ajili yetu. Ukiijua sura ya mchumaji, huwezi tena kusema ya kuwa jani ni jani tu.

Agosti 2023 tulimpelekea Shangazi debe dogo la majani ya kunde tuliyoyakausha wenyewe. Alifungua, akachukua kidogo, akatafuna huku akitazama juu. Sisi tulisimama kama wanafunzi wangojao majibu ya mtihani. Akasema, "Mchanga umo, wanangu." Kisha akacheka, nasi tukacheka. Tulikuwa tumeosha mara mbili, si mara tatu.

Machi 2024 kapu lilikuja tena, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya shimo. Siku hiyo nyumba nzima ilikuwa na kazi. Watoto wawili walitenga, mmoja aliondoa nyuzi za majani ya maboga, binti mdogo alipeleka fungu moja moja kwa nyumba mbili za jirani kabla jua halijatua, mama akachemsha maji, baba akatengeneza ungo. Maganda na majani mabovu walipewa kuku, na yaliyobaki tukayafukia chini ya mparachichi yawe mboji. Shangazi alikaa juu ya kigoda akitazama, mara kwa mara akituambia tukate majani madogo zaidi. Saa mbili usiku kapu lilikuwa tupu, tukatia ndani yake chumvi, sukari na kitenge, likamngojea hata asubuhi.

Basi, ndugu wasomaji, hatuwafundishi kwa kuwa tu wajuzi. Twawaambia kwa kuwa tulikosa. Miezi hii ya mvua mtaletewa, na wengine mtachuma wenyewe, na wengine mtanunua fungu kubwa kwa bei ndogo. Mkiletewa, msilale kabla hamjafungua kapu. Kuleni kilicho laini kwanza, wapeni jirani kingali kibichi, kausheni kinachozidi siku ile ile. Na mkishaosha majani mara mbili, osheni mara ya tatu.